Mstari Uliorukwa

Nilipoteza macho nikiwa na miaka thelathini na nne. Presha ya macho ilinila polepole kwa miaka miwili, na kwa kuwa daktari alinionya mapema, nilipata muda wa kujiandaa. Nilikuwa nafundisha Historia katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kitale. Nikajifunza kutumia kompyuta yenye programu inayosoma skrini kwa sauti, na kazi ikaendelea. Wanafunzi waliandika insha zao kwenye maabara ya kompyuta, ile sauti ikanisomea, nikasahihisha.

Jambo lingine nililofanya macho yakiisha ni kuandika vitu nilivyokuwa bado naviona. Niliandika rangi ya mahindi yaliyokauka shambani kwa baba. Niliandika uso wa binti yangu, aliyekuwa na miaka mitatu: meno yaliyoachana, na jinsi alivyokunja pua kabla ya kulia. Zilifika kurasa arobaini na kitu. Kwa miaka kumi na moja, siku nikizidiwa, nilivaa visikizi nikausikiliza uso wa mwanangu.

Mwaka jana mfumo wa kompyuta yangu ulikuwa umezeeka hata programu ya kusoma ikawa inakwama kila baada ya sentensi mbili. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye anatengeneza kompyuta mjini Bungoma, akanishauri niubadilishe.

"Nitumie flashi nikuwekee mfumo mpya," akasema. "Ni kazi ya saa moja tu, mwalimu."

Flashi niliyokuwa nayo ilikuwa ya akiba, yenye nakala ya kila kitu changu. Nilimwambia aifute. Si kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta?

Flashi iliporudi na mfumo mpya ndani, Jumamosi asubuhi tulikaa mezani mimi na mke wangu. Wakati wa kuweka mfumo mpya kompyuta ilikuwa bubu, kwa hiyo ilibidi yeye asome. Ni fundi wa nguo, na alikuwa ameacha sare za watu kwenye cherehani ili anisaidie.

"Inauliza uweke wapi," akasema. "Kuna kichwa kimepakwa rangi ya buluu. Chini yake kuna mistari miwili."

Rafiki yangu alikuwa amenieleza kwamba mfumo wa zamani uko sehemu ya kwanza ya diski, na mafaili yangu sehemu ya pili.

"Futa ule wa juu," nikasema. "Kisha uweke hapo."

"Una uhakika, baba watoto?"

"Futa."

Kazi ilichukua saa nzima. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Niliweka kiganja ubavuni mwake, nikasikia feni ikizunguka na joto likipanda. Nikangoja ile sauti. Haikuja.

"Unaona nini?"

"Giza. Kuna kalaini keupe kanawaka kanazima. Na maneno kidogo, ati haijapata kitu cha kuwaka nacho."

Tulimpigia rafiki yangu. Alisema tuzime, tuwashe, tushike kitufe fulani kabla haijafika popote. Mke wangu akashika. Akasoma alichokiona, nikakirudia kwenye simu, rafiki yangu akasema la kufanya, nikalirudia kwa mke wangu. Tulishinda hivyo hadi chakula cha mchana kikapoa, na Jumapili baada ya kanisa tukaanza upya. Kila mara ilikuwa giza na kale kalaini.

"Soma vizuri!" nilimfokea mwishowe.

"Nasoma chenye kiko," akajibu. Baadaye kidogo nikasikia cherehani.

Jumanne niliibeba kompyuta nikaenda Bungoma peke yangu. Rafiki yangu alinipokea stendi, akanishika mkono mpaka kwenye kibanda chake nyuma ya soko. Hakuchukua hata nusu saa. Sauti ilipotoka nilipiga meza kwa furaha, naye akacheka. Nikaenda moja kwa moja kwenye folda yangu.

"Folda tupu," sauti ikasema.

Alijaribu kuyarudisha mafaili yaliyofutwa, tangu asubuhi hadi wenye vibanda wengine walipoanza kufunga. Alipata vipande tu: nusu ya swali la mtihani, orodha ya majina ya darasa lililomaliza shule zamani, mafaili mengi yasiyofunguka. Kisha akazima, akakaa karibu nami.

"Pole sana, mwalimu. Hapo palikuwa na mistari mitatu. Ule wa kwanza huwa na buluu kwa sababu ndio umechaguliwa. Mama alidhani ni kichwa, kwa hiyo mkafuta wa pili, wenye mafaili."

"Usimwambie," nikasema.

"Siwezi. Lakini si unaweza kuandika tena, bana?"

"Niandike nini? Nilikuwa nikiandika nilichokiona."

Nilimsikia akikunja nyaya.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kabla sijavua koti.

"Diski ilikuwa imezeeka," nikamwambia. "Imekufa yenyewe."

"Si kwa sababu ya vile nilisoma?"

"Hapana."

Hakuniamini. Tangu siku hiyo ananisomea kila kitu. Ananisomea ujumbe wa simu pamoja na saa ulipoingia, na pakiti ya unga mpaka tarehe ya kuharibika, polepole, huku akipitisha kidole chini ya maneno. Nakisikia kikikwaruza karatasi. Nimewahi kufikiria kumwambia ukweli ili apumzike, nikaona hautampumzisha.

Siku moja alisema nimuulize, atanieleza mtoto alivyokuwa. Nikamuuliza. Alianza vizuri, halafu akakwama. Alisema uso unaomjia ni wa sasa, wa miaka kumi na minne. Huo sijawahi kuuona.

Kabla ya wiki mbili kuisha kompyuta ilikataa kuwaka tena, safari hii nikiwa darasani, wanafunzi wakiningoja. Rafiki yangu aliikagua, akasema bodi yenyewe imechoka, na kwamba ataniibia pesa bure akijaribu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Aliongea kwa upole mwingi, na hapo nikajua limeshaamuliwa. Kidato cha nne kikapewa mwalimu mwingine, kwa muda tu, alisema. Mimi nimepewa chumba cha ushauri, chenye viti viwili na dirisha lisilofunga sawasawa. Wanafunzi hawaji sana. Asubuhi nafungua mlango, naketi, nasikia darasa langu la zamani ng'ambo ya ukuta likisomeshwa sura ambayo nimeisomesha miaka yote, na mwalimu mgeni anakosea mwaka mmoja. Siinuki kwenda kumsahihisha.