Vipimo vya Timiro

Timiro aliziota nguo kabla ya kuzishona. Adhuhuri, Garissa ikiwaka jua na vumbi la malori ya askari likianza kutulia, alijilaza mkekani kando ya cherehani yake, akafumba macho, na nguo zikaanza kumjia polepole: vazi la doria, kitambaa chepesi cha manjano, likipepea bila mtu ndani yake, mtandio wa rangi ya udongo ukielea juu ya mto Tana. Wanawake wa mtaani walimcheka, wakauliza fundi gani huyu, kazi yake kusinzia. Wacha wacheke. Alipoamka alikata bila kusita, na sikusikia hata siku moja kwamba kuna aliyemrudishia nguo.

Tena alikuwa na msimamo, na hapo hukumwambia kitu. Nguo haivaliwi ili watu wakutazame, alisema. Nguo inasema wewe ni nani leo. Mwenye huzuni asivalishwe rangi za kelele eti kwa sababu ni Idi. Bi harusi mmoja, Nimo, alitaka nyekundu kama aliyovaa binamu yake wa Wajir. Timiro alikataa katakata, akamshonea ya kijani. Nimo alipojitazama kwenye kioo aliomba asiivue. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nne. Vita vya mashifta na serikali vilikuwa vimeanza na kila mtu alitakiwa awe ndani kabla ya magharibi, lakini watu walikuwa bado wanaoana.

Miaka miwili baadaye Mursal, mume wa Timiro, alipanda lori kwenda Hadado kununua mbuzi, asirudi. Mwezi wa tano tangu aondoke akaja mchungaji mmoja wa mifugo, Nuh, na habari. Lori lilikanyaga bomu. Nyuso hazikutambulika, alisema, ila waliopanda walikuwa saba, na yeye na wenzake walizika saba. Shehe aliridhika, mtaa mzima ukaridhika. Timiro hakuridhika.

Kwao mjane hukaa eda akiwa amevaa nyeupe tupu. Basi Abshiro, mama yake Mursal, akaleta bafta nyeupe, akaiweka juu ya cherehani, akasema ni haki ya marehemu. Wiki iliyofuata alirudi, akaikuta imekunjwa vilevile. Akarudi tena. Alimwambia mkwewe kwamba anawaaibisha, kwamba watu wanasema. Timiro alimsikiliza kwa heshima zote, halafu, akimwita mama kwa Kisomali, akamjibu neno lile lile.

"Hooyo, siwezi kuvaa uongo."

Mchana mmoja usingizi ulimletea Mursal mwenyewe. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mto amevaa kanzu nyeupe, anacheka. Timiro aliamka na furaha iliyomjaa mwili mzima, akaitandaza ile bafta sakafuni. Alikuwa bado anaipapasa Abshiro alipoingia. Akamweleza: anamshonea Mursal kanzu ya Idi. Alijiandaa kugombezwa.  Lakini mama mkwe aliketi chini taratibu, akaishika ncha ya pili ya kitambaa isijikunje.

Timiro hakuwa na utepe wa kupimia. Alipima kwa shibiri, na vipimo vya mtu vikishaingia mkononi mwake havikutoka. Hata kiuno cha Nimo alikuwa nacho mpaka leo. Urefu wa Mursal aliupata mara moja. Mabega akayapata. Alipofika kwenye mkono wa kanzu, vidole vyake vikasita. Akapima shibiri tatu, akafuta chaki, akapima tatu na nusu, akafuta tena. Akafumba macho amtafute kwenye ndoto, akaona kitambaa cheupe na mwangaza wa maji tu. Mkono huo alikuwa ameulalia miaka tisa.

"Hooyo, mkono wake shibiri ngapi?"

Abshiro aliinua kiganja, akatanua vidole hewani kana kwamba anapima, kisha akakishusha mapajani.

Timiro aliweka chaki chini. Hofu ilimshika, halafu ikamwachia.

"Basi amekufa, Hooyo," akasema. "Aliye hai hanitoki mkononi. Nitaivaa."

Abshiro akaangua kilio. Aliishika ile bafta kwa mikono miwili, akaivuta kifuani, akakataa kabisa kuitoa. Kumbe wiki zote zile, kila alipotoka pale akiwa amekasirika, alikwenda nyumbani akimshukuru Mungu kwamba Timiro amekataa kuivaa.