Skrini Hapa

Pale shuleni hakuna aliyemwita karani kwa jina lake. Walimu, wanafunzi, hata wazazi waliokuja kufuata ripoti za watoto wao, wote walimwita Bi Lebo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila kilichopita mikononi mwake kilibandikwa kipande cha karatasi chenye maandishi yake ya mviringo: makabati, mafaili, funguo, kopo la sukari. Hata ufagio uliosimama nyuma ya mlango ulikuwa na lebo ya UFAGIO, utadhani kuna mtu angeufananisha na mwavuli. Mumewe alimtania kwamba iko siku ataamka ajikute amebandikwa MUME kwenye paji la uso. Bi Lebo alicheka, lakini hakuacha. Alianza kazi enzi za taipureta, na kwa miaka ishirini na sita hakuna barua iliyopotea ofisini kwake. Alijivunia hilo, tena kwa haki.

Asubuhi hiyo, saa mbili kamili, alibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta. Feni ikanguruma, taa ya kijani ikawaka, kila kitu kikaonyesha dalili ya uhai isipokuwa skrini. Iliandika kwa sekunde chache kwamba haipokei kitu, kisha ikawa nyeusi tii. Akazima, akawasha. Nyeusi. Akamwomba Mungu, akawasha tena. Nyeusi vilevile.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na orodha ya watahiniwa wa mwaka huo, wanafunzi arobaini na watatu, pamoja na masomo yao na tarehe za kuzaliwa ambazo alizihakiki moja moja kwa wiki tatu. Orodha ilitakiwa iifikie ofisi ya mitihani kabla ya saa kumi jioni siku hiyohiyo. Ambaye jina lake halikufika, angekaa nyumbani mwaka mzima akiwatazama wenzake. Nakala nyingine hakuwa nayo, maana flashi alizichukia, alisema zinaleta virusi. Kuchapa yote upya kulitaka siku mbili, naye alikuwa na saa nane.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mashine ilikuwa nzima mpaka jana yake. Paa lilivuja, mwalimu mkuu akamwambia asogeze meza. Umeme ulikuwa umekatika na pembe ile ina giza, kwa hiyo nyaya zote alizichomoa kwa kupapasa. Alipokwisha kuisogeza meza, alizirudisha kwa mwanga wa simu, akifuata lebo zake mwenyewe. UMEME HAPA. KIBODI HAPA. SKRINI HAPA. Alizibandika wiki ileile kompyuta ilipoletwa shuleni, miaka tisa iliyopita, na aliziamini kuliko saa ya ukutani.

Kufika saa tatu habari ilikuwa imeshazagaa shule nzima. Mama wa usafi akaingia na ndoo yake, akaisogelea meza, akachungulia nyuma.

"Bi Lebo, samahani. Ule waya wa bluu..."

"Mama, leo usinisogelee! Toa ndoo hapo, maji yakimwagika tumekwisha."

"Nilitaka tu kusema..."

"Nimesema toka. Na usiguse kitu."

Mama wa usafi akabeba ndoo, akatoka. Katazo hilo alikuwa amelizoea. Tangu aajiriwe hakuruhusiwa kuigusa mashine ile hata kwa kitambaa. Lakini siku hiyo hakwenda mbali. Alifagia baraza, akamaliza, akaanza kulifagia upya, maana binti yake alikuwa mmoja wa wale arobaini na watatu.

Mwalimu wa fizikia akaja na bisibisi. "Usiwe na wasiwasi, Bi Lebo. Hii ni dakika tano."

Dakika tano zikawa saa nzima. Aliifungua sipiyu ubavu, akachomoa vipande vya kumbukumbu, akaomba raba ya kufutia, akayasugua meno ya shaba ya vipande hivyo kama mtoto anayefuta hesabu aliyokosa. Akavirudisha. Feni ikanguruma, skrini ikabaki nyeusi. Akaenda kuibeba skrini ya maktaba, akavuka nayo uwanja mzima huku wanafunzi wakimshangilia madirishani, akachomeka waya wake palepale penye lebo. Nayo ikawa nyeusi.

"Basi tumejua, skrini yako haina ubaya," akasema, uso umemng'aa.

"Na mimi hilo linanisaidia nini?"

Kila baada ya nusu saa mwalimu mkuu alichomoza kichwa mlangoni. "Imewaka?"

"Imewaka, lakini haionyeshi."

"Basi haijawaka."

Mara ya nne, Bi Lebo aliuma midomo asije akasema neno la kumfukuzisha kazi.

Saa sita akampigia simu fundi, yuleyule aliyeitengeneza kompyuta miaka mitatu nyuma. Fundi alikuwa safarini, kelele tupu.

"Waya wa skrini mmeuangalia?" akauliza.

"Fundi, kila waya uko kwenye lebo yake. Si unanijua mimi?"

"Nakujua, nakujua." Fundi akacheka. "Basi kama waya uko sawa, bodi imekufa hiyo. Poleni sana."

Hapo damu ilimchemka. Alilikasirikia paa, akamkasirikia mwalimu mkuu na meza yake, akamkasirikia mwalimu wa fizikia aliyekuwa bado anasugua. Akaazima kompyuta ndogo ya mwalimu mkuu, akaanza kuchapa orodha upya kutoka kwenye fomu. Tarehe zikamchanganya. Ilipotimu saa tisa alikuwa amewamaliza wanafunzi sita. Akajikuta anapiga hesabu ya nani amwandike na nani amwache, akajichukia kwa hesabu hiyo.

Mama wa usafi akasimama mlangoni. "Bi Lebo, binti yangu umeshamwandika?"

"Bado."

"Utamfikia?"

Bi Lebo aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Mama wa usafi akauegemeza ufagio ukutani, na bila kuomba ruhusa akapita moja kwa moja hadi nyuma ya meza, akapiga magoti.

"Waya huu wa bluu haukuwa hapa," akasema. "Ulikuwa unakaa kwenye hili tundu la chini."

"Mama, mbona imeandikwa hapo?" mwalimu wa fizikia akasema. "Skrini hapa."

"Mwalimu, mimi sikusoma. Mlichoandika sikijui. Ila nafagia huku nyuma kila siku, na tundu la juu lilikuwa limejaa vumbi na utando wa buibui, tangu yule fundi alipokuja na kipande chake."

Bi Lebo akaacha kuchapa. Kipande cha fundi! Akakumbuka yote. Siku ile alikuwa anagonga mihuri kwenye barua za wazazi, na fundi akamwambia kwamba tundu la juu limekufa, ameweka kadi yenye tundu jingine, waya sasa utakaa chini. Naye akajibu "sawa, sawa," bila kuinua kichwa. Lebo ikabaki juu miaka mitatu, imenyooka vizuri, inadanganya.

Akapiga magoti kando ya mama wa usafi, akahamisha waya. Akawasha. Skrini ikapepesa, ikajaa rangi.

Mwalimu wa fizikia aliweka raba mezani polepole, kisha akatoa flashi mfukoni, na Bi Lebo akaipokea, akatia nakala, bila kutaja virusi. Orodha ikatumwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja, na jibu likarudi kwamba imepokelewa, wanafunzi arobaini na watatu.

Mwalimu mkuu alipochomoza kichwa tena, alikuta wanawake wawili tu. Bi Lebo alitaka kuomba radhi, akaishia kuigeuza skrini imwelekee mama wa usafi. Tangu saa tatu asubuhi dawa ilikuwa mlangoni kwake, naye ndiye aliyeifukuza.

"Njoo," akasema hatimaye. "Binti yako ni wa thelathini na moja."

Mama wa usafi akainama mbele ya skrini, mikono ameiweka mgongoni, kama alivyofundishwa. "Ni lipi?"

"Hili. Gusa."

"Mikono yangu ina vumbi."

"Gusa tu, mama."

Akanyoosha kidole, akakiweka chini ya jina, akakipitisha taratibu mpaka mwisho wake.

"Nililichagua mimi jina hili," akasema. "Kumbe ni refu hivi."

Alipokiondoa kidole, mstari wa vumbi ulibaki chini ya jina. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kwenye droo yenye lebo ya KITAMBAA, na Bi Lebo hakuifungua.