Shangazi na Hedifoni Arobaini

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na hakuwa akitafuta kazi nyingine. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na wateja wa kutosha na kelele za kutosha. Kilichomwingiza kwenye kutengeneza maikrofoni ni vidole vya shemeji yake.

Huyo shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi redio. Kila wiki aliletewa maikrofoni za mashuleni na za viwanja vya mpira, zote zimekufa kwa vumbi na mate ya wasemaji. Akachoka kuzifufua. Akaamua atengeneze zake mwenyewe, zenye kichwa kinachofunguka ili kioshwe kama kikombe. Kasheshe ilikuwa koili, ule waya mwembamba kuliko unywele unaozungushwa kwenye kikaratasi cha duara, safu juu ya safu. Siku hiyo shangazi alipita dukani kwake kuazima koleo, akamkuta amekata waya kwa mara ya nne, jasho linamtiririka mpaka kwenye miwani.

"Shemeji," akamwambia, "vidole hivyo ni vya kubebea magunia. Hebu sogea."

"Wewe unajua nini kuhusu koili?"

"Sijui kitu. Lakini uzi naujua."

Akakaa, akazungusha koili nzima bila kukata waya hata mara moja. Shemeji akaifunga kwenye sumaku, akaunganisha nyaya, akasema, "Moja, mbili." Sauti ikatoka kwenye spika ya ukutani safi kabisa. Akarudia "moja, mbili" kwa furaha mpaka muuza viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza kama tatu imemshinda.

Kiwanda kilianza hivyo, kwa vyumba viwili na meza moja ndefu. Asubuhi shangazi alishona nguo, mchana alizungusha koili. Baada ya mwaka mmoja cherehani ikahamia kiwandani pamoja naye, naye akawa anaitwa Mama Koili hata na watu ambao hawakujua koili ni nini.

Mwaka wa sita walikuwa wafanyakazi kumi na mmoja. Shemeji alikuwa ameajiri mhandisi, mtu wa vipimo, mwenye kalamu tatu mfukoni, na walikuwa wameanza kutengeneza hedifoni pia. Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa hedifoni arobaini kwa ukumbi wa simu za dharura, pale watu wanapopiga wakiunguliwa na nyumba au wakizidiwa na ugonjwa. Kila mtu kiwandani alitembea kifua mbele wiki ile.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka kwa msimamizi wa ukumbi. Wapokea simu hawazitaki. Zisiporekebishwa kabla ya mwisho wa mwezi, zitarudishwa zote.

Mhandisi akapima upya zile za akiba zilizobaki kiwandani, sumaku moja moja, akaja na karatasi za michoro. "Sauti haina kasoro," akasema. "Tatizo ni watumiaji."

"Mmewauliza?" shangazi akauliza.

Shemeji akamtazama mhandisi. Mhandisi akatazama karatasi.

"Basi nakwenda mimi," akasema shangazi. "Nitakaa nao kutwa nzima."

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa ndani ya ule ukumbi, amevaa hedifoni kama wenzake, kwenye kiti kando ya mpokea simu mmoja, mama wa makamo aliyevaa miwani kama yeye. Saa ya kwanza aliona raha tupu. Saa ya tatu masikio yalikuwa yanawaka moto. Kufika saa sita, ule utepe wa chuma wa kichwani ulikuwa umekandamiza mikono ya miwani yake mpaka anasikia mapigo ya moyo kwenye panja.

"Sauti yake ni nzuri kama nini," yule mama akamwambia. "Lakini masikio ni yangu mwenyewe, dada. Sina mengine."

Ndiyo maana mama huyo alivaa upande mmoja tu, na ule mwingine ukaning'inia shavuni. Saa nane ikaingia simu ya mwanamume ambaye mkewe alikuwa anajifungua njiani. Anapumua kwa kasi, anataja kona, anataja ukuta, maneno yanagongana. Mama akakandamiza hedifoni sikioni kwa mkono wa kushoto ili asikie vizuri, akaandika kwa mkono wa kulia, na karatasi ikawa inateleza mezani kwa sababu hapakuwa na mkono wa tatu wa kuishika. Shangazi akanyoosha mkono akaibana. Maelekezo yakaandikwa, gari likatoka. Robo saa baadaye wakaambiwa mzazi na mtoto wako salama. Ukumbi mzima ukapiga makofi mara moja, kisha kila mtu akarudi kwenye simu yake.

Shangazi alirudi kiwandani bila kupitia nyumbani.

"Hedifoni zetu zinasikika," akamwambia shemeji, "ila hazivaliki. Nipe siku nne na hakuna mtu kunigusia cherehani yangu."

Alishona mito midogo ya duara, sponji ndani, kitambaa cha pamba juu. Kila mto aliuachia pengo dogo la kupitisha mkono wa miwani. Mhandisi akaivaa, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Inastarehesha, Mama Koili. Lakini sauti nzito inavuja kwenye kitambaa. Mzee mwenye sauti nzito akipiga simu, nitamsikia nusu."

Shangazi angeweza kukasirika. Badala yake alichukua hedifoni ya zamani sikio hili na mpya sikio lile, akasikiliza weee, kisha akasema, "Kweli. Inavuja."

Wakakaa pamoja, shangazi na mkasi wake, mhandisi na vipimo vyake. Mwishowe wakapata: pamba upande unaogusa ngozi, ngozi ya bandia kuzunguka ubavuni kuzuia sauti isitoke. Utepe wa kichwani nao wakaulegeza kidogo. Hedifoni zote arobaini zikarekebishwa kwa wakati, na hakuna hata moja iliyorudi. Halafu mahoteli yakaagiza, na kampuni za simu, na studio za redio. Wakahamia kwenye jengo lililokuwa ghala la magodoro. Mhandisi akajifunza kushona mshono wa mviringo, na anajivuna nao mpaka leo.

Kwa miaka mingi shangazi ndiye aliyesikiliza kila hedifoni kabla haijafungwa kwenye boksi. Alipofika miaka hamsini na minane, siku moja mwenzake alilalamika juu ya mluzi mwembamba kwenye spika. Shangazi hakusikia mluzi wowote. Akarudia mara tatu. Kimya. Akaenda moja kwa moja kwa shemeji.

"Nitoe kwenye meza ya kusikiliza. Masikio yangu yameanza kupunguza usikivu."

"Nani kakwambia? Mbona hakuna mteja aliyelalamika?"

"Unasubiri alalamike?"

Akaandaa mtihani mwenyewe. Alitundika shuka, akawakalisha watu wote upande wa pili mmoja mmoja, mhandisi akapiga miluzi kwa mashine. Shemeji akashika mkia, akasingizia mafua. Aliyewapita wote ni mtunza stoo, mtu mkali asiyependwa na mtu, ambaye alisikia hata miluzi ambayo mhandisi alidhani ameizima.

"Sasa najua kwa nini umbea wote wa kiwanda hiki unakufikia," shangazi akamwambia, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona mtunza stoo anacheka.

Shangazi mwenyewe akahamia sehemu ya mito, na yuko huko hadi sasa. Majuzi nilimkuta ana futi ya kupimia shingoni, amewapanga wajukuu sita kwenye benchi, anapima umbali wa sikio hadi sikio na kuandika. Anataka kutengeneza hedifoni za watoto. Shemeji anasema soko halipo.

"Litakuja," shangazi akasema, akamgeuza kichwa mjukuu wa nne. "Tulia wewe, usicheke, utaniharibia vipimo."