Gramu thelathini na sita za maji

Leo nimekosea hesabu ya kemia makusudi, mimi niliyefundisha kemia hadi nikastaafu.

Mjukuu wangu Neema, wa kidato cha tatu, alikuja kwangu Madale na swali: gramu nne za haidrojeni na gramu kumi na sita za oksijeni zitatoa maji gramu ngapi?

Nikamwambia haidrojeni ni kidogo, kwa hiyo itaisha kwanza. Maji ni gramu thelathini na sita.

Akaliandika jibu langu daftarini. Kisha akacheka.

"Babu, tumeweka gramu ishirini tu. Hayo maji mengine ni mvua?"

Akageuza gramu kuwa moli, akaona kumbe oksijeni ndiyo inayoisha kwanza. Maji ni gramu kumi na nane, na haidrojeni nyingine inabaki bila wa kuungana naye.

"Na kosa hili ulinikanya mwenyewe, babu. Umechoka?"

Kuchoka nimechoka, daktari ameshawaambieni, wanangu. Lakini sikukosea kwa uchovu. Niliona kwamba hesabu ikiisha mapema, naye ataondoka mapema.

Ninyi mnaosoma hapa kwenye kundi la familia, sina muda mrefu, acha niseme kweli. Dawa mnaleta. Matunda mnaleta, mpaka yanaoza. Kinachoniishia ni mtu wa kukaa naye.

Neema nilimwambia hivyo hivyo. Akainama kidogo, akachukua simu.

"Mama, hesabu za huku ngumu kweli. Nalala kwa babu."

Daftari lilikuwa limeshafungwa.

Haya, kesho nani ana swali?