Kibati cha Fundi Ombati

Jioni hiyo tulikuwepo mimi, mzee Langat wa geti, dada yangu mdogo Chebet aliyeniletea koti la mvua, na injinia Sigei ofisini kwake. Hao wote wako hai, unaweza kuwauliza. Mtu wa tano ndiye aliyenifanya nikusimulie haya, na naomba uniamini.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukijenga kiwanda cha majani chai juu ya Litein. Mimi nilishika stoo ya vyombo. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nikaacha shule darasa la saba, na wadogo zangu wakasoma kwa kazi yangu. Kwa hivyo elewa: chombo kimoja kikipotea ningefukuzwa, na Chebet na wenzake wangerudi kukaa nyumbani.

Kila fundi alivaa shingoni kibati chenye namba yake. Akichukua chombo ananiachia kibati, akirudisha namrudishia. Halafu injinia akaleta mashine kutoka Nairobi. Kila chombo kikabandikwa kidude cha plastiki, na getini zikasimamishwa nguzo mbili nyeupe. Ukipita hapo na nyundo ya kampuni, zinapiga kelele mpaka wachumaji chai wanainua vichwa. Kulikuwa pia na kifaa cha mkononi, kinacholia kikikaribia chombo kilichosahaulika. Mzee Langat alisema sasa amepata msaidizi asiyelala wala kuomba chai.

Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga, ukungu umeshuka mpaka dirishani pa stoo. Wafanyakazi walikuwa wameenda. Mtu mmoja akasimama hapo, amevaa suti nyeusi.

"Niazime pima maji, kijana," akasema. "Ule ukuta wa nyuma umelala."

Nilikuwa mgeni pale, sikuwajua mafundi wote. Nikamtania kwamba ametoka harusini.

"Hapana," akasema. "Watu walinivalisha."

Akaniwekea kibati mkononi. Kilikuwa baridi, na udongo umejaa kwenye tundu la kamba. Nikampa pima maji, ile ya kuonyesha kama ukuta umenyooka, akaondoka nayo. Chebet akanivuta shati.

"Kaka, mbona viatu vyake havina matope?"

Saiti nzima ilikuwa tope tupu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilisubiri. Giza likaanza kuingia, hakurudi. Nikaenda mpaka kwenye ule ukuta, hakuna mtu. Nikakimbia getini. Mzee Langat akasema hakuna aliyepita, na nguzo hazijalia hata kidogo. Nikampa kibati. Akakigeuza, kisha akakaa juu ya jiwe lililolowa.

"Hiki ni cha Ombati," akasema polepole. "Alianguka kule nyuma kabla wewe hujaja. Tulimzika nacho shingoni, kwao Kisii. Mimi mwenyewe nilishika jeneza."

Asubuhi injinia hakutaka habari za wafu. Alinipa mpaka jioni: pima maji au kazi. Tukazunguka na kile kifaa cha mkononi, kimya kila mahali, mpaka tulipofika ukuta wa nyuma. Hapo kikalia, katikati kabisa ya mawe. Sasa niambie. Ukuta ule ulijengwa kabla sijaajiriwa, na pima maji niliitoa stoo jana yake. Iliingiaje?

Injinia akasema kifaa kimeharibika. Lakini fundi mmoja akateremsha timazi, uzi wenye kizito mwishoni, tukaona wote: ukuta ulikuwa umeinama upande wa njia ya wachumaji. Injinia akavua kofia, akaagiza ubomolewe. Ndani, imebanwa na saruji iliyokauka zamani, pima maji ilikuwa imelala, na kidude chake hakijabanduka.

Nikabaki na kazi. Chebet akamaliza shule.

Lakini chombo kilirudi, na kibati sijakirudisha. Nilikipeleka kwao Kisii. Mjane wa Ombati alikitazama tu, hakukigusa.

"Alikupa yeye," akasema. "Mpe yeye."

Mpaka leo kinaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wangu. Ukungu ukishuka sikai na mgongo kwa dirisha. Atakuja kukidai, na sijui kama nitaweza kunyoosha mkono. Wewe unayeshika stoo ya watu, mgeni akikuomba chombo baada ya mvua, mtazame viatu kabla hujapokea kitu chake. Ukishapokea, unadaiwa. Mimi bado nadaiwa.