Meno ya Mama Yaenda Ng'ambo

Fundi wa meno ya bandia alipotaka kwenda kujitolea ng'ambo, hakuuliza nani ana shida. Aliuliza wapi kuna mpiga picha. Shirika la misaada lilimpa achague: kambi ya mpakani ambako watu hulala chini, au hospitali ndogo ya kisiwani yenye nyumba ya wageni. Akachagua kisiwa. "Huko ndiko wanakoteseka zaidi," akasema, tena macho makavu.

Sharti moja tu lilimkwama kooni: kila fundi aje na seti kamili ya meno, juu na chini, iliyokwisha kutumiwa na mtu, iwe ushahidi wa kazi yake. Wateja wake walikuwa wa jino moja moja, la mbele, la kuchekea. Nani ampe kinywa kizima? Akamgeukia mama yake.

Mama alibakiwa na meno manne ya chini, imara kama mawe. Kwa hayo manne alivunja mifupa ya kuku mpaka mbwa wa jirani akamnunia.

"Tuyang'oe haya, Mama, nikuwekee mapya mdomo mzima."

"Haya yananitosha, mwanangu."

"Yaani nikose safari kwa ajili ya meno manne?"

Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi. Mama akafungua mdomo, na daktari rafiki wa fundi akayang'oa yote. Akavimba, akanywa supu kwa mrija wiki nzima, wala hakulalamika. Kisha seti ikatoka. Haya, mwanamume huyu alinyimwa roho, mikono hakunyimwa. Mama alitafuna nyama, akakaa kizingitini akiwachekea wapita njia hata asiowajua.

Siku ya safari, fundi alifungua kisanduku chenye pamba, akakinga kiganja. "Mama, lete."

Mama alidhani anataka kuyasafisha. Akayatoa. Fundi akayafuta kwa leso, akayalaza kwenye pamba, akafunga.

Dada yake mkubwa aliyekuja kumuaga akasimama. "We, hayo ni meno ya Mama."

"Ndiyo kazi yangu ya kuonyesha. Nikirudi nitampa. Miezi michache tu."

"Si wewe unayewaambia wateja kila siku, fizi zikikaa bila meno hunywea? Ukirudi hayatamkaa."

"Basi nitamtengenezea mengine."

"Lini? Mimi jino langu nalisubiri tangu sijaolewa."

Fundi alikuwa akitafuta tai. Asante ya punda mateke, na huyu hata teke alilipiga huku akijitazama kwenye kioo.

Gari la shirika likaja, na mpiga picha akataka moja ya familia. Mama akawekwa katikati, mkono mdomoni kwa aibu.

"Toa mkono, Mama," mwanawe akamwambia. "Cheka kidogo."

Akatoa mkono, akacheka.

Picha ilitoka kwenye gazeti fundi akiwa keshafika kisiwani. Dada akalisoma kwa sauti, akafika kwenye maandishi ya chini ya picha, akanyamaza. Mama akamhimiza aendelee. Waliandika kwamba bibi huyo kibogoyo ni mmoja wa maskini wanaosubiri msaada wa fundi.

Dada alitaka kulichana. Mama akamshika mkono. Aliomba libandikwe ukutani, kwa sababu mwanawe ametoka vizuri.