Siku Tuliyoziba Ua wa Waulize

Panga likikata mnyaa halitoi mlio wa kukata mti. Linatoa mlio laini wenye maji ndani yake, chwaa, kama mtu anayekata tango kubwa. Kisha panakuwa kimya kidogo, halafu unasikia matone yanadondokea majani makavu. Juzi hapa Bariadi, nyuma ya kibanda ninachoshonea nguo, jirani alikuwa anapunguza ua wake. Chwaa. Chwaa. Mguu wangu ukasimama wenyewe kwenye pedali ya cherehani. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri gauni lake la sherehe akaniuliza, "Fundi, uzi umekatika?" Nikamwambia ndiyo, umekatika. Ningemwambia nini jamani, kwamba nimemkumbuka mbwa?

Nyinyi nitawaambia.

Kwetu ni kijijini, ukitoka hapa mjini kwa baiskeli asubuhi unafika jua limeshakuwa kali. Nyumba yetu ilizungukwa na ua wa minyaa aliouotesha babu. Kama hujawahi kuuona mnyaa, ni mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani, na ukiukata unatoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakikuingia machoni utapiga kelele wakusikie kijiji cha pili. Watoto wa kwetu tulifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusalimia. Ua wetu juu ulikuwa mzito, lakini chini ulishazeeka, yamebaki mashina tu, kama mzee mwenye nywele nyingi na meno ya mapengo. Kwenye mapengo hayo walipita kuku, na watoto wa mbuzi, na Waulize.

Waulize alikuwa mbwa wetu, rangi ya udongo wa kichuguu, sikio moja limechanwa na fisi. Jina lake lilitokana na ugomvi. Kuna mwaka tulisingiziwa kwamba mbuzi wetu wamekula pamba ya watu, na baba kila alipokutana na mtu njiani alisema, "Mbuzi wangu? Waulize waliowaona!" Wiki hiyohiyo akaletewa mbwa mdogo, akamwita Waulize. Tangu hapo, kila jioni baba alipomwita mbwa wake kwa sauti kubwa, majirani wote walijua wanasemwa.

Usiku Waulize alizunguka nje ya ua, na asubuhi mbuzi wetu walikuwa kamili. Mchana alikwenda nao malishoni, nyuma ya baba. Fisi kwetu si hadithi ya kutishia watoto. Watu walikuwa wanaamka wanakuta pembe na kwato. Sisi tulikuwa tunalala, na tulilala kwa sababu yake.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana macho yakiwa wazi. Nilishaamua kwamba nikikua nitajenga nyumba ya bati jekundu mjini, na pembeni yake kutakuwa na kanyumba ka Waulize, nako kana bati jekundu. Nilimweleza mambo hayo yote. Alikuwa msikilizaji mzuri, isipokuwa akipita kuku.

Basi, Jumamosi moja, pamba ikiwa imeshavunwa na shule zimefungwa, ikapita pikipiki yenye spika. Mtoto wa kijiji kingine alikuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Tangazo likasema mbwa wote wafungiwe, na kuanzia Jumatatu mbwa yeyote atakayekutwa anazurura atauawa. Pikipiki ikaenda, vumbi likabaki. Baba alisimama akiangalia mapengo ya ua wetu, moja baada ya jingine.

Kwanza alijaribu kumfunga Waulize kwa kamba ya katani. Waulize aliitafuna, akaja kutuonyesha kipande kilichobaki shingoni, mkia unacheza. Mnyororo hatukuwa nao. Baba akasema, "Basi tuzibe ua."

Siku ile ya Jumapili mpaka leo ninaiona ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linaloniumiza. Mama alirudi kanisani mapema akajifunga kanga ya kazi. Tulitoa chupa za dawa ya pamba zilizokuwa zimechomekwa darini, tukazifukia mbali. Niliokota vigae vyote na misumari yote. Shimo tulilochimba udongo wa tofali tulilifunika kwa mlango wa zamani, baba akauwekea mawe juu. Halafu akaanza kukata minyaa upande wa nyuma, chwaa, chwaa, nami nikibeba.

"Geuza uso, mayu," aliniambia kila nilipoinama kuokota. Mayu ni mama, ndivyo baba zetu wanavyowaita binti zao wakiwapenda. "Geuza uso."

Kuna namna ya kufanya kazi ile. Mnyaa ukishakatwa unalazwa juani siku kadhaa mpaka kidonda chake kikauke, uache kulia, ndipo unauchomeka ardhini. Kila mtu wa kwetu anajua. Mama alikuwa anaangalia maziwa yanavyotiririka kwenye vile vijiti, akasema, "Baba Kabula, hivi vingekauka kwanza."

"Jumatatu ni kesho. Vikauke, wamuue huku vinakauka?"

"Wewe unamwambia Kabula ageuze uso. Mbwa nani atamwambia?"

"Mbwa huyu ana akili kuwashinda wajumbe wote wa kitongoji."

Mimi nilicheka sana. Mama hakucheka.

Tulivishindilia vikiwa vibichi, chini kabisa kwenye mapengo, tukavifunga kwa katani. Jua lilipokaribia kuzama hata kifaranga kisingepita. Mikono yetu ilinata, ua mzima ulinuka ule ubichi mchungu unaokaa kooni. Baba alirudi nyuma hatua chache akautazama. "Sasa hata nyoka atabisha hodi," akasema.

Asubuhi baba alitoa mbuzi, akalirudishia lango la miti nyuma yake. Waulize hakuwa amewahi kuachwa. Alikwenda langoni, akalia kidogo, akatuangalia mimi na mama kama vile tumesahau kitu. Kengele ya beberu ilipoanza kusikika kwa mbali, aligeuka akakimbilia pengo lake la siku zote, akaingia kichwa mbele kwa nguvu zote.

Alitoka kinyumenyume. Sitaisimulia sana sauti ile. Alijisugua uso mchangani, akajikuna kwa miguu, akailamba miguu, akajikuna tena. Mama alimrukia akamlalia kabisa, akamwagia maji ya mtungi, akanipigia kelele, "Kimbia kwa Mama Limi!"

Mama Limi alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ananyonyesha. Kwetu mtu akiingiwa na mnyaa machoni hukamuliwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mtoto ananyonya.

"Shikamoo. Mama anaomba maziwa."

"Marahaba. Ng'ombe hatujakamua."

"Si ya ng'ombe. Yako."

Akashtuka. "Nani kaingiwa na mnyaa?"

"Waulize."

Alicheka mpaka ziwa likamponyoka mtoto. "Yaani nyie watu! Mbwa mnampa jina la kututukana, halafu mje kumnyonyesha kwangu?" Halafu akaniangalia vizuri usoni. Akaacha kucheka, akamtupia mtoto mgongoni, akafunga kanga huku anatembea. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Nikisikia habari hii imesimuliwa mnadani, gete, kweli kabisa, nitajua imetoka kwenu."

Alipiga magoti mchangani. Mama alishika taya, mimi nikashika miguu, na Mama Limi, mama mtu mzima mwenye heshima zake, akamkamulia mbwa maziwa machoni, huku anamnong'oneza, "Tulia, baba. Tulia." Maziwa meupe yaliingia juu ya maziwa meupe. Nilitazama kwa matumaini yote niliyokuwa nayo. Nilijua kabisa kwamba atapepesa macho na kutuona.

Macho yalivimba yakafunga. Yalipofunguka baada ya siku mbili yalikuwa na rangi ya uji. Mdomo nao ulikuwa umeungua kwa kule kujilamba, ute unamning'inia hadi chini.

Jioni ile ya kwanza baba aliporudi na mbuzi, Waulize alimsikia. Alisimama, akatikisa mkia kwa furaha yake yote, akiwa ameuelekezea uso ukuta wa jiko. Baba alisimama palepale. Halafu akaenda kwenye mtungi akanawa mikono, akanawa, akanawa tena, kama mtu ambaye ameambiwa chakula tayari na hataki kuja kula.

Mimi nilianza upya kumtengenezea ua. Nilisogeza kinu, nikasogeza jiwe la kusagia, nikayazungushia mafiga matawi ya mwiba ili asiingie motoni. Nilimwongoza kwa sauti kutoka kivulini mpaka kwenye maji, na kutoka kwenye maji mpaka kivulini. Niliamini kichwani mwake mtaota njia, kama zinavyoota shambani kwa kupitwapitwa. Alijigonga. Nilisogeza kitu alichojigonga, akajigonga kingine. Siku nyingine alikaa tu mbele ya lile pengo lililozibwa, uso umeelekea huko, na hakuja hata nilipomwita.

Njia ya kisimani ilipita mbele ya lango letu. Watu walichungulia. Haikuchukua muda, maneno yakaenea kwamba mbwa wa kwa baba Kabula anatoa udenda, anayumba, anagonga kuta. Mwenyekiti wa kitongoji akaja. Hakuingia, alisimama nje ya lango. Walisalimiana na baba kwa kirefu, salamu ya mwangaluka, na mvua, na ng'ombe, na watoto, maana kwetu mtu hawezi kuanzia kwenye kifo.

"Ni mnyaa, mwenyekiti," baba akasema hatimaye. "Niliukata mwenyewe."

"Mimi naona udenda. Naona macho. Amechanjwa?"

Hakuwa amechanjwa. Siku ya chanjo sote tulikuwa tunapalilia pamba.

"Mama Limi alimkamulia maziwa," mama alisema kutoka jikoni. "Muulizeni. Angekuwa na kichaa angemkaribia na mtoto mgongoni?"

"Mama Kabula, mimi siwezi kupeleka hilo mbele ya watu."

"Si mlisema wanaozurura? Huyu wetu yuko ndani!"

"Basi afadhali, hatutamtafuta," mwenyekiti akasema. Nadhani hata yeye hakupenda lilivyotoka, maana alitazama chini. "Alhamisi asubuhi nitamleta mtu wa mishale. Wafungieni watoto ndani."

Sasa niwaambie jambo moja. Wale watu wa Jumatatu hawakuja. Pikipiki ile haikurudi. Jumatatu ilipita, na wiki ikapita, na mbwa wa kijiji kizima waliendelea kuzurura, wanapigania mifupa njiani, mmoja wao anakuja hadi langoni kwetu kunusa pumba. Wasioziba chochote hawakupata lolote. Mbwa mmoja tu ndiye aliyepangiwa siku, na ni yule tuliyemwekea ulinzi.

Jumatano baada ya chakula cha mchana baba aliniita. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mayu. Kesho watakuja mapema. Mbuzi nimewaachia wachungaji wenzangu, mimi na mama yako tunakwenda shamba la mbali mpaka jioni. Wewe baki."

Nilimchukia. Nilimchukia kwa miaka, nisiwafiche. Niliona ameharibu kwa haraka yake, sasa anakimbilia shambani ili asimwone, anamwachia mtoto mzigo. Nilikuwa nimeshaanza kazi hapa mjini, niko nakunja pindo la sketi ya shule, ndipo siku moja ikanijia ghafla kwamba shamba la mbali lilikuwa shamba la pamba. Na pamba ilikuwa imeshavunwa, hata masalia yalishachomwa. Hapakuwa na kazi yoyote kule. Walikwenda wakakaa kwenye tuta, watu wazima wawili, alasiri nzima, wakisubiri jua lishuke. Angeweza kunyamaza, nikaamka Alhamisi nikakuta yameisha. Hakujua namna ya kuniambia samahani, wala namna ya kuniambia muage. Alinipa mchana mmoja na ua mzima nikiwa peke yangu.

Wakati ule sikujua kwamba nimepewa kitu. Nilijua tu kwamba hakuna anayeniona. Nilichana ukingo wa kanga ya mama, nikamfunga Waulize shingoni. Nilisogeza miti ya lango mmoja mmoja, taratibu, nikamvuta, akakataa, nikaongea naye, akaja. Tulitoka nje.

Nilimpeleka mpaka kwenye majaruba makavu ya mpunga, mahali ambapo hakuna cha kujigonga. Upepo ulikuwa unatoka upande wa malisho. Aliinua pua. Sikio zima likasimama, na lile lililochanika likajaribu. Alisimama hivyo kwa muda mrefu sana, mate yanamdondoka, kichwa kinakwenda kidogo kulia, kidogo kushoto, kama anawahesabu mbuzi kwa harufu. Halafu akalala chini kwenye mchanga wa moto, akashusha pumzi. Nilikaa naye.  Nyumba ya bati jekundu sikuitaja.

Sikufikiria kumkimbiza. Mtoto wa darasa la nne angempeleka wapi mbwa kipofu, kwenye nchi ya fisi? Vivuli vilipoanza kurefuka nikamwamsha, tukarudi. Pale langoni pana sehemu ambapo ua unakaribiana, vijiti vinachomoza pande zote mbili. Nilitembea kinyumenyume mbele yake, nikaweka viganja vyangu viwili, kimoja huku na kimoja huku, kati ya uso wake na minyaa, mpaka akamaliza kupita.